Besi moja, milio mingi: je, inatosha kubadilisha pikapu peke yake?

1. Mchonga Mninga

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa magitaa hapa Dar es Salaam, na nimechora gitaa la besi la nyuzi nne ambalo ningependa lijadiliwe na wapigaji pamoja na mafundi wenzangu kabla sijakata mbao. Sababu yake wengi mnaijua. Mpiga besi wa mjini kwetu hupiga muziki wa dansi Ijumaa, harusi Jumamosi na kwaya Jumapili asubuhi, na kila mahali hudaiwa mlio tofauti, ilhali mfuko wake unaruhusu besi moja tu.

Mchoro ni huu. Kiwiliwili ni cha mninga, shingo ni ya kufunga kwa skrubu, na urefu wa uzi ni inchi 34, yaani sentimita 86.36, kipimo kilekile alichokitumia mbunifu Mmarekani Leo Fender kwenye besi yake ya Precision Bass mwaka 1951. Katikati ya kiwiliwili nachonga tundu linalotokea mgongoni, ili pikapu, yaani kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme, iingizwe kwa nyuma ikiwa ndani ya kasha lake, bila kulegeza nyuzi. Makasha yatakuwa matatu: la koili iliyogawanywa vipande viwili kama ya Precision Bass tangu mwaka 1957, la koili moja nyembamba kama ya Jazz Bass ya mwaka 1960, na la koili mbili pana kama ya StingRay ya Music Man iliyotoka mwaka 1976. Dai langu ni kwamba pikapu ndiyo sikio la besi, na ukibadilisha sikio umebadilisha kila kinachosikika. Naomba mnikosoe bila kunionea haya.

2. Fundi Redio

Salaam, fundi. Umeeleza aina za pikapu lakini hujasema tundu litakuwa umbali gani kutoka kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia juu ya kiwiliwili, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito zaidi kuliko koili yenyewe.

Uzi ukipigwa hutikisika mzima, na papo hapo hutikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila mtikisiko wa namna hiyo una sehemu zake zilizotulia. Pikapu iliyo juu ya sehemu iliyotulia haiupati mtikisiko huo. Tuseme tundu lako liko robo ya urefu wa uzi, sentimita 21.59 kutoka kwenye daraja. Uzi ukiwa wazi, harmoniki ya nne, yaani ule mtikisiko wa kwa robo, haisikiki kabisa. Bonyeza freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), na uzi unaobaki ni kama sentimita 64.7, kwa hiyo pikapu ileile sasa iko karibu sana na theluthi, na inayopotea ni harmoniki ya tatu. Bonyeza freti ya 12, uzi unabaki sentimita 43.18, pikapu inakuwa katikati kabisa, na harmoniki zote za shufwa zinatoweka. Ndiyo maana besi moja huweza kuwa na mlio wa duara ukipiga juu ya shingo na mlio mkali ukirudi chini, bila mtu kugusa kitufe chochote.

Pikapu ya StingRay iko karibu na daraja kuliko ya Precision Bass, na ile ya nyuma ya Jazz Bass iko karibu zaidi. Ukiyaweka makasha yote matatu kwenye tundu moja, utapata milio mitatu, lakini haitakuwa ile mitatu uliyoitaja.

3. Mzee wa Dansi

Fundi Redio amesema kweli, na wazo la kuhamisha pikapu si geni. Gibson walikuwa na besi iliyoitwa Grabber katika miaka ya 1970, ambayo pikapu yake moja iliteleza kwa mkono kutoka upande wa shingo hadi upande wa daraja. Aidha, Ampeg walitoa mwaka 1969 magitaa ya Dan Armstrong yenye kiwiliwili cha plastiki inayoonyesha ndani, ambayo gitaa na besi zake ziliweza kuvuliwa pikapu na kuvishwa nyingine kwa muda mfupi. Kwa hiyo, Mchonga Mninga, unatembea njia iliyokwisha kupitiwa, na ni vizuri ukajua waliotangulia walikwama wapi.

4. Besi ya Nyuma

Shikamoo, Mzee. Naomba kurekebisha jambo moja: katika magitaa yale ya Ampeg, pikapu za kuchomoa zilikuwa za gitaa la nyuzi sita, nazo zilibuniwa na Bill Lawrence. Besi ya aina hiyo ilikuwa na pikapu isiyobadilishwa. Tofauti hiyo ina maana kwetu, kwa sababu inaonyesha kwamba hata mbunifu aliyeamini wazo hili hakulipeleka kwenye besi.

Mfano ambao ningependa fundi autazame ni L-2000 ya G&L, kampuni ambayo Leo Fender aliianzisha baada ya Music Man. Ina pikapu mbili pana zisizohama, na swichi tatu ndogo: moja ya kuchagua pikapu, moja ya kuunganisha koili kwa mfululizo au sambamba, na moja ya kuwasha au kuzima saketi ya betri. Leo Fender, ambaye mkono wake umo katika besi zote tunazoziiga, mwishoni alichagua swichi. Sidhani kama alikosa uwezo wa kuchonga tundu.

5. Kijana wa Kwaya

Asanteni kwa somo. Mimi ningeomba saketi ya betri isiwemo kabisa. Kanisani kwetu tulikuwa na besi yenye betri ya volti 9, na kila mara mpigaji aliposahau waya umechomekwa baada ya ibada, betri iliendelea kuliwa wiki nzima, kwa sababu besi nyingi za namna hiyo huwashwa na plagi yenyewe. Siku ya harusi ya mwalimu wetu, besi ilianza kukwaruza wakati maharusi wanaingia, kisha ikanyamaza, na nyimbo zilizobaki zilipigwa na kinanda mkono wa kushoto.

6. Mzee wa Dansi

Pole, kijana. Hilo la betri limewakuta wengi kwenye kumbi za harusi. Kuhusu Ampeg, bado nakumbuka kuiona besi yao ikivuliwa pikapu, na nitaendelea kuamini macho yangu, ila sitaki mada ihame.

7. Besi ya Nyuma

Mzee, yamkini ulichokiona ni besi iliyokwisha kupita mikononi mwa fundi mwingine. Magitaa yale yamefanyiwa mengi tangu yatoke kiwandani. Tuendelee.

8. Fundi Redio

Zaidi ya aina ya koili na mahali pake, kuna jambo la tatu, nalo ni la umeme mtupu. Pikapu ni waya mrefu uliozungushwa kwenye sumaku, na waya wa namna hiyo, ukiungana na kebo inayokwenda kwenye amplifaya, huwa na masafa yake ya kilele, ambayo juu yake sauti hushuka haraka. Kebo ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Tuchukue koili yenye henri 4 na kebo ya mita sita, tuongeze pikofaradi 100 za koili yenyewe. Kilele kitakuwa karibu na Hz 3,000. Badilisha kebo tu, weka ya mita kumi, kilele kinashuka hadi kama Hz 2,400, na wapigaji watakuambia kuwa besi imekuwa nzito. Hakuna aliyegusa pikapu.

Maana yake ni kwamba sehemu ya tofauti kati ya pikapu na pikapu ni mahali kilele kilipo na jinsi kilivyochongoka, na kitu hicho kinaweza kuhamishwa kwa kapasita na swichi ya mzunguko. Wal wa Uingereza walijenga besi zao juu ya wazo hilo: kila pikapu ina kichujio chake, na mpigaji anazungusha kitufe kuhamisha kilele atakavyo. Lazima kuwe na betri, nakubali, lakini kinga ya tatizo la Kijana wa Kwaya ni rahisi: weka swichi inayokata betri na kupitisha sauti ya pikapu moja kwa moja.

9. Bi Mitambo

Habari zenu. Mimi hukaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti, na ningependa mwazingatie wanaosikiliza.

Uzi wa E ukiwa wazi hutoa Hz 41, wa A hutoa 55, wa D hutoa 73, wa G hutoa 98. Spika nyingi za baa na za makanisa madogo haziwezi kuitoa ile 41 kwa nguvu ya maana. Msikilizaji anaijua noti kwa harmoniki zake, na ubongo wake unajaza kilichokosekana. Kwa hiyo tofauti ya pikapu itasikika zaidi kati ya Hz 200 na 1,000, eneo ambalo gitaa la kati, kinanda na sauti za waimbaji wanaume wanaligombania. Hapo kasha la pili na la tatu linaweza kuwa na faida kubwa au lisisikike kabisa, kutegemea nani anapiga naye.

Kuna tahadhari ya pili. Koili mbili zikiunganishwa kwa mfululizo zina sauti kubwa kuliko koili moja, na binadamu akisikia sauti mbili, ile kubwa kidogo huiona bora. Nimewaona wapigaji wakisifu pikapu mpya ambayo, nilipoishusha kwenye meza ikalingana na ya zamani, hawakuweza tena kuitambua. Fundi, weka kirekebisha sauti kidogo ndani ya kila kasha, ili yote yatoke kwa kimo kimoja. Usipofanya hivyo, mpigaji atakayebadilisha kasha katikati ya onyesho ataniharibia vipimo vyote.

10. Mzee wa Dansi

Dada amenena vyema, nami naongeza upande wa mpigaji. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown ya Marekani, alipiga Precision Bass, ya pikapu moja, kwa kidole kimoja, akiwa na nyuzi za bapa (zilizozungushiwa waya bapa) zilizozeeka na sponji chini ya kifuniko cha daraja, na hakuna anayelalamika kuwa alikosa milio. Kwa upande mwingine, nyuzi za mviringo (zilizozungushiwa waya wa duara) zilizoenea kutoka Uingereza miaka ya 1960 ziliipa besi ukali ambao hakuna pikapu ingeweza kuutoa kwenye nyuzi za bapa.

Katika bendi niliyopigia, tulipokuwa kwenye ubeti nilipiga kwa kidole gumba juu ya mwisho wa shingo, na kiganja kikiwa kimegusa nyuzi kidogo karibu na daraja. Chemko, ile sehemu ya wimbo iliyochangamka, lilipoanza nilihamisha mkono sentimita chache tu nyuma na kutumia vidole viwili. Wachezaji walilijua badiliko hilo kwa miguu yao kabla mpiga solo hajaingia. Mchonga Mninga, mteja wako akiambiwa anunue seti mbili za nyuzi na kipande cha sponji, utamwokolea fedha nyingi.

11. Mwana Kidumbak

Mzee, kwa hoja hiyo twende Unguja moja kwa moja. Katika kidumbak, besi ni sanduku lenye kijiti na uzi mmoja, na mpigaji hubadilisha noti kwa kuvuta kijiti. Lina mlio mmoja, na harusi nzima inacheza hadi asubuhi.

12. Bi Mitambo

Mwana Kidumbak, sanduku ni chombo kitamu na nimewahi kulitegea maikrofoni, lakini mteja wa fundi anatakiwa apige taarabu ya kisasa, rumba na nyimbo za injili kwa chombo kimoja. Tusimwondoe kwenye swali lake.

13. Mchonga Mninga

Nashukuru kwa michango. Hoja ya Mzee kuhusu nyuzi naiheshimu, lakini mtu hawezi kubadilisha nyuzi kati ya wimbo na wimbo, na kasha analibadilisha huku mwimbaji akisalimiana na watu. Sasa nina maswali mawili ya vitendo. La kwanza ni viunganishi: nitumie nini ambacho hakitachoka? La pili ni mbao: je, mninga utasaidia au utaharibu, na ubao wa freti nikitumia mpingo nitapata nini?

14. Fundi Redio

Kuhusu viunganishi, koili mbili zinazotakiwa kubadilishwa kutoka mfululizo hadi sambamba zinahitaji nyaya nne na ya tano ya kinga, kwa hiyo usiwe na pini chini ya tano. Plagi za pini 9 zilizotumika nyuma ya kompyuta za zamani zinapatikana kwa urahisi na zinashika vizuri. Pini ya kinga iwe ndefu kidogo kuliko nyingine, ili iguse kwanza na kuachia mwisho, la sivyo kila kasha likichomolewa spika zitanguruma na Bi Mitambo atakufukuza ukumbini. Pini zipakwe dhahabu, maana katika hewa ya chumvi ya pwani shaba tupu hubadilika rangi mapema na kuanza kukwaruza.

Jambo jingine ni kasha lenyewe. Likicheza hata kwa unene wa karatasi, pikapu itaanza kuchukua mitetemo ya kasha. Chonga tundu liwe jembamba kidogo kuelekea juu ili kasha likaze lenyewe. Hakikisha pia kila pikapu inaweza kupandishwa na kushushwa ndani ya kasha lake, kwa kuwa sumaku iliyo karibu mno na uzi mnene wa E huuvuta uzi, na noti husikika kama imepotoka hata ukiwa umetyuni vizuri.

15. Randa na Patasi

Mimi ni seremala, nami niongelee mbao. Nyuzi nne za besi zilizokazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80. Tundu linalotokea upande wa pili, lililo kati ya shingo na daraja, limekaa mahali palepale panapobeba mvuto huo. Acha mbao ya kutosha pande zote mbili za tundu, na nyuzi za mti ziende sambamba na nyuzi za besi bila fundo. Mninga ni chaguo zuri kwa sababu hautembei sana ukishakauka, nao hukubali randa na msasa, lakini vaa barakoa.

Mpingo kwa ubao wa freti ni mgumu, haunywi jasho na hauhitaji vanishi. Tatizo lake ni uzito na ukaidi: ni mzito kuliko maji, na patasi isiyo kali haitauingia. Ukiwa na nia ya kuuza nje ya nchi, kumbuka kuwa tangu mwaka 2017 mpingo na karibu jamii yake yote iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa mwaka 2019, lakini mbao ghafi hazikusamehewa. Mimi naamini ubao mgumu huupa mlio mwanzo ulio wazi zaidi. Nimeusikia kwenye kazi zangu.

16. Besi ya Nyuma

Randa na Patasi, kuhusu uimara wa tundu nakuunga mkono, lakini kuhusu mlio sikubaliani nawe. Pikapu inasoma mwendo wa uzi wa chuma juu ya sumaku, na haina njia ya kuujua mti. Ukitaka kunishawishi, besi mbili ziwe na nyuzi, pikapu, kimo na daraja vilevile, ndipo tusikilize.

17. Randa na Patasi

Ndugu, mwendo wa uzi unategemea kile uzi umefungwa nacho. Besi nyingi zenye shingo ya kufunga kwa skrubu zina noti inayokufa mapema kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7. Hakuna pikapu inayoifufua noti hiyo, kwa sababu nguvu ya uzi imekwisha kunywewa na shingo. Ukinikubalia hapo, umekubali kuwa mti unasikika.

18. Besi ya Nyuma

Nakubali kwamba shingo huiba noti. Sijakubali kwamba kiwiliwili cha mninga kina mlio wa mninga. Hayo ni mambo mawili.

19. Kijana wa Kwaya

Je, kwa nini tusiache haya yote na kutumia programu? Line 6 walikuwa na Variax Bass miaka ya 2000, iliyosoma uzi kwa vihisio vya kwenye daraja na kuiga besi nyingi kwa kuzungusha kitufe.

20. Fundi Redio

Ilikuwepo na ilifanya kazi, lakini ilikwisha kuachwa kutengenezwa, na ubao wake wa saketi ukiungua, fundi wa mtaani hana cha kuuokoa. Koili iliyokatika naweza kuizungusha upya mezani kwangu. Isitoshe, tulisikia habari za betri yako.

21. Mchonga Mninga

Nimebadilisha mchoro. Tundu sasa litakuwa refu, lenye vishikizo vitatu, ili kasha lolote likae upande wa shingo, katikati au karibu na daraja, na kila kasha litakuwa na kirekebisha sauti ndani yake kama alivyoshauri Bi Mitambo. Saketi ya betri itakuwa kasha la nne, dogo, la pembeni, ambalo asiyelitaka hatalinunua. Shingo nitatengeneza mbili, moja ya freti na moja isiyo na freti yenye ubao wa mpingo, maana skrubu nne hazina haja ya kuwa za kudumu.

22. Randa na Patasi

Tundu refu kiasi hicho linanitia wasiwasi. Mbao za pembeni ziwe na unene wa sentimita nne au zaidi kila upande, au uweke fito mbili za chuma chini yake.

23. Besi ya Nyuma

Na mimi naona vishikizo vitatu vimefanya kazi ambayo makasha matatu yalitakiwa kuifanya. Anza na kasha moja la koili mbili pana lenye swichi ya mfululizo na sambamba, lihamishe mahali pote patatu, urekodi. Ukipata milio sita iliyo tofauti kweli, makasha mengine yatakuwa ya nini?

24. Bi Mitambo

Rekodi hizo nitumie mimi, zote kwa kimo kimoja, kwa kebo moja, mpigaji mmoja na nyuzi zilezile, bila kuandika ipi ni ipi. Nitazipiga ukumbini nikiwa na ngoma na kinanda, kisha nitaziweka hapa ili kila mtu ataje anachokisikia kabla hajaonyeshwa majibu. Mzee wa Dansi, nakuomba uwe wewe mpigaji.

25. Mzee wa Dansi

Nitapiga, kwa sharti kwamba rekodi ya saba iwe pikapu moja isiyohama, nyuzi za bapa na sponji, na mkono wangu ndio uhame.